Saa ya Mtungini

Nimetozwa faini ya shilingi mia tano na saa iliyofukiwa chini ya mwembe wangu mwenyewe, ndani ya mtungi wa mke wangu, kwa vifaa vilivyonunuliwa na hela yangu ya mbolea. Nisikilizeni kwanza, mtacheka baadaye.

Huku Sibwesa, wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, muda lilikuwa jambo la kuelewana. Mtu akisema tukutane saa nne, tunajua: atakunywa uji, atafungua mbuzi, atasalimiana na kila aliye njiani, na akitokea saa sita hakuna wa kumuuliza, kwa kuwa na wewe ndiyo kwanza unafika. Simu tunazo, na saa zake hazina ubaya, ila mtandao sharti uupandie kichuguu, na aliyepanda kichuguu hakupanda kuangalia saa. Tulikuwa tunaishi vizuri tu. Ndipo akaja mpwa wangu.

Kijana amesomea umeme. Alirudi na kibegi kimoja cha nguo na maboksi mawili ya vyuma chakavu, na wiki haijaisha akawa anapita nyumba kwa nyumba akiomba saa mbovu za ukutani, zile za plastiki za mnadani. Ya kwangu haikuwa mbovu. Aliishusha hivyo hivyo, akaifungua mbele yangu nikiwa natafuna muhogo.

“Mjomba, hebu ona hiki.”

Kwa kibano cha nyusi, nacho mali ya mama watoto, akainua kitu kama punje ya mpunga: kimtungi cha bati kinachong'aa, chenye miguu miwili mfano wa miguu ya mbu. Akasema ndani yake mna fuwele ya kwatzi iliyochongwa kama uma wa meno mawili, na umeme wa betri ukiugusa unatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Nikamuuliza kwa nini isiwe elfu thelathini kamili, tukapumzika. “Gawa kwa mbili, mjomba, halafu endelea kugawa.” Nikachukua kijiti nikaanza kugawa mchangani: 16,384, 8,192, 4,096. Kufika mara ya kumi na tano nikabaki na moja. Moja hiyo ndiyo mshale wa sekunde unavyoruka. Sitaficha, nilifurahi mpaka muhogo ukapoa. Na hapo ndipo nilipojiponza, kwa sababu mtu wa namna hii akishakuona umefurahi mara moja hakuachi tena ukapumua.

Nikaelezwa yote. Kwamba ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kuwa fuwele ya aina hii ukiibana inatoa umeme. Kwamba siku ya Krismasi ya mwaka 1969 Seiko wa Japani waliiingiza sokoni ndani ya saa ya mkononi, yen 450,000, bei ya gari. Leo iko mnadani, haifikii jogoo, na bado nilikuwa naona nimepunjwa.

Halafu akaniambia aibu yake. Uma ule umechongwa ukae kwenye joto la nyuzi 25. Joto likizidi, unachelewa. Likipungua, unachelewa vilevile. Kuwahi hauwahi. Nikamwambia basi huo ni mzaliwa wa hapa hapa. Hakucheka. Akapiga hesabu: saa yangu, iliyopigiliwa karibu na bati, ikikaa kwenye nyuzi 40 mwezi mzima itapoteza sekunde ishirini hivi. Sekunde ishirini! Mimi nimewahi kupoteza ng'ombe wiki nzima na sikupiga kelele kama alizopiga huyu.

Hela ya mbolea ikaenda China kufuata chipu yenye jina kama namba ya pikipiki, DS3231. Kifurushi kilikuja na basi hadi Mpanda, nikatumwa mimi, mjomba mtu, kwenda kukichukua. Chipu hiyo ina fuwele yake ndani na kipimajoto chake humo humo. Kila sekunde 64 inajipima homa na kujirekebisha, hivyo kosa lake kwa mwaka ni kama dakika moja tu. Nikasema alhamdulillahi, kazi imekwisha. Kijana akanitazama kama niliyetukana.

“Dakika nzima, mjomba?”

Nikajua nimeoa balaa bila mahari. Akanieleza kuwa wenzake wa Ulaya na Marekani wenye ugonjwa huu hununua fuwele zilizowekwa ndani ya jiko dogo la umeme, joto halipandi wala halishuki, nyingine zimeng'olewa kwenye mitambo ya simu iliyostaafu. Yeye hela hiyo hana, na mimi mbolea imekwisha. Lakini ardhi, alisema, ukichimba kina cha kiuno haijui mchana wala usiku. Kesho yake mtungi wa maji haukuwepo jikoni.

Alichimba jioni, baada ya jua kuzama. Sijui nani alimshauri muda huo. Ukiwa Katavi, mkoa ambao watu wameacha mashamba wakaingia mashimoni kutafuta dhahabu, usifukie mtungi wenye waya gizani. Asubuhi nilikuta majirani watatu wamesimama uani na majembe, wananiamkia kwa heshima ambayo sijaiona tangu nilipochinja. Wa nne alinivuta pembeni akaniuliza kama kile kipimo kinaonyesha mwamba au vumbi. Nilipomwambia ni saa, alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeona rafiki yake amejifunza kudanganya uzeeni.

Kisha yakaja matatizo ya kusoma. Mpwa alipigilia kioo chenye namba nyekundu kwenye shina la mwembe, kikaandika 10:00. Bibi jirani akakisoma vizuri kabisa, saa kumi, akaenda kufungua mbuzi malishoni kuwarudisha nyumbani, asubuhi kweupe. Wa kulaumiwa si yeye. Saa ya mishale tunaisoma kwa kutazama upande wa pili: mshale ukiwa kwenye kumi, ng'ambo yake ni nne, basi ni saa nne. Namba nyekundu hazina ng'ambo. Ilibidi kijana akeshe akiifundisha saa yake kupunguza saa sita, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya ambayo ningeilipia tena.

Basi kila asubuhi anaweka kidude chake juu ya paa, kinadaka setilaiti ambazo kila moja imebeba saa za atomu, analinganisha na mtungi, anaandika daftarini kuwa leo tuko nyuma kwa sehemu kumi na mbili za sekunde iliyokatwa elfu moja. Akishaandika anarudi kulala. Shambani anafika saa tatu. Anajua amechelewa kwa kiasi gani, hilo simnyimi.

Mwezi uliopita akasimika kijiti uani kuangalia kivuli. Adhuhuri, kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, ikawa ni karibu saa saba. Nikadhani mtungi umevunjika. Hapana. Saa za Afrika Mashariki zimekatwa kwa mstari wa nyuzi 45, unaopita Somalia na baharini. Hata Dar es Salaam haifiki huko. Sisi tuko kwenye 30 na kitu, na dunia inakula dakika nne kwa kila nyuzi. Kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa zetu kwa dakika 58 hivi kwa wastani. Ndiyo maana mwezi wa saba watoto wanatoka kwenda shule saa kumi na mbili na nusu wanapapasa njia gizani. Kalemie ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wako nyuma yetu saa nzima na jua lao linaelewana nao. Mstari wa saa zao, nyuzi 30, karibu unapita kwetu.

Niliyahifadhi hayo moyoni kama mtu aliyeokota noti.

Jumamosi kikoba chetu kilikuwa na kikao saa tisa kamili, chini ya mwembe wangu, kwa saa ya mtungini, kwa azimio la wanachama ambalo lilipita sijafika. Nikatoka shamba, kioo kinasoma 9:50. Mwenyekiti, mama mmoja asiyecheka siku za hisa, akasema mia tano. Nikasimama. Nikaeleza nyuzi, nikaeleza kivuli, nikaeleza dakika 58, nikahitimisha kuwa kwa jua alilolisimamisha Mungu juu ya Sibwesa ilikuwa saa nane na dakika hamsini na mbili, kwa hiyo nimewahi dakika nane na nilistahili pongezi.

Kimya. Mtu akaguna kukubali. Nadhani ni yule wa dhahabu.

“Hizo ni saa za Kongo,” akasema mwenyekiti. “Faini nayo utalipa kwa faranga?”

Nikaomba aletwe mtaalamu. Akaitwa, akatoka ndani akifikicha macho, akasoma kioo, akafungua daftari, akanong'ona na vidole. Akasema kuna kosa. Nikamtazama mwenyekiti kwa macho ya ushindi.

“Mjomba si dakika hamsini,” akasema. “Ni hamsini na sekunde nne.”

Nililipa elfu moja: mia tano ya kuchelewa, mia tano ya kubisha. Mweka hazina wa kikoba ni mama watoto. Alizipokea bila kuniangalia, akaandika jina langu, akaandika na muda hadi sekunde, kisha akaniuliza mtungi mwingine nitanunua lini.