Mshusheni Mtumishi

Ile video imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Aliyeileta ni shemeji yangu, Yanga wa kuzaliwa, na hakuandika neno chini yake. Aliweka tu vile viganja viwili vya kuomba. Mpaka naandika haya, shangazi wa Tabora, ambaye humo hajawahi kuandika chochote zaidi ya "Amina", ameniuliza kama nimeokoka. Kwenye video naonekana vizuri kuliko nilivyowahi kuonekana kwenye picha yoyote: jezi nyekundu, mshipa wa shingo umesimama, begani nimembeba mwanamume wa miraba minne aliyenyoosha mikono juu. Ukiitazama bila sauti, utasema Simba imeshusha chuma kipya. Ukiweka sauti, chuma kinasikika kikisema, "Pokea! Pokea!" na sisi huku chini tunajibu, "Nguvu moja!"

Naomba kesi hii isikilizwe kwa ushahidi. Mchambuzi mmoja wa redio alishinda siku nzima akitutangazia kwamba mshambuliaji kutoka Kongo anatua usiku ule, saa 8, kwa ndege iliyopitia Addis Ababa. Alitupa na sifa zake: mrefu, kifua kipana, huvaa hedifoni shingoni, mpole, mcha Mungu. Hilo la mcha Mungu alilirudia. Picha ya mchezaji hatukuwa nayo, kwa sababu siku hizi mchezaji hatambulishwi kwa sura. Kwanza kinawekwa kivuli cheusi chenye alama ya kuuliza, watu mkeshe mkibishana kivuli kile ni cha nani. Sasa niambie, mtu mwenye akili timamu, amesimama nje ya jengo la tatu la abiria Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, saa 8 na ushee za usiku, vuvuzela mkononi, kichwani ana kivuli na mchambuzi. Mlango unafunguka. Anatoka mtu mrefu, kifua kipana, trakisuti nyeupe, hedifoni shingoni.

Halafu akatuona, na hakushtuka. Hapo ndipo shaka yote iliponitoka. Mtu asiyetarajia kupokewa akikuta ngoma na watu wenye jezi hurudi nyuma hatua moja. Huyu aliweka begi chini, akatabasamu, akafungua mikono kama anayetuambia tusogee. Sauti moja ikapiga "Ndiye huyo!" na kabla sijajua nani amesema, mguu wake wa kushoto ulikuwa begani kwangu.

Akiwa juu akapaza sauti, "Bwana asifiwe, bandugu!" Tukapokea. Akasema, "Mungu iko mwema!" Tukapokea. Akasema, "Adui ameanguka!" Hapo niliona watu wazima wakikumbatiana, maana adui wetu anajulikana na mtaa wake unajulikana, hapo Jangwani. Kisha akanyoosha kidole juu, akasema polepole, "Huu mwaka ni mwaka wenu." Mzee mmoja mwenye kofia ya Simba alikaa kwenye ukingo wa barabara akalia. Misimu 4 mfululizo ubingwa umelala kwa mtani, kuanzia 2021/22 mpaka 2024/25, na katika misimu yote hiyo hakuna kocha, mwenyekiti wala mchambuzi aliyewahi kutuambia kitu kwa uhakika ule.

Katikati ya shangwe hizo kuna mtu alinigusa bega la pili, lile ambalo halikuwa na mtu. Mfupi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, anavuta begi la magurudumu, viatu vya mpira vinaning'inia pembeni ya begi. Akasema kitu kwa Kifaransa, akionyesha kwa mkono kwamba anaomba njia. Nikamjibu, na hiki ndicho kipande ambacho shemeji amekizungushia duara la manjano: "Kaka, pisha, tunapokea mchezaji."

Akapisha. Akazunguka nyuma ya ngoma, akaingia kwenye gari lililokuwa linamsubiri, akaondoka zake. Utambulisho wake ulitoka asubuhi, na sura safari hii ilikuwepo.

Kina mama wa kwaya walikuja mbio kutoka upande wa maegesho, vitenge vya sare, maua ya plastiki, na bango kubwa lenye picha ya yule tuliyembeba akiwa ameshika maikrofoni. Aliyetangulia alikuwa mama mnene mwenye sauti iliyozoea ukumbi bila spika. "Nyie vijana! Mshusheni mtumishi! Mshusheni mtumishi wa Mungu!" Tulimshusha. Mtumishi mwenyewe hakuonekana kuudhika hata kidogo. Alitushika vichwa mmoja mmoja, akauliza mkutano ni wapi. Bwege mmoja akajibu, "Kwa Mkapa!" Mtumishi akasema, "Tutaujaza." Kwaya ikaanza kuimba, na mpiga ngoma wetu, aliyekuwa ameshalipwa mpaka alfajiri, akaona hasara kunyamaza. Akawafuata. Kusema haki, walipendeza.

Najua kuna watakaouliza watu wenye familia zao wanatafuta nini uwanja wa ndege saa 8 usiku. Wanaouliza hivyo hawajui kipindi cha usajili kinavyoendeshwa, na mimi, tangu nianze kukifuatilia, nimekiona kuwa kitamu kuliko mpira wenyewe.

Huanza na "thank you". Klabu inaweka picha ya mchezaji na maneno hayo mawili, na tayari mtu hana kazi. Mtaani imeshakuwa lugha kamili: houseboy amepewa thank you, mchumba ametoa thank you. Zikishatoka za kutosha, linabaki pengo kwenye kikosi, na pengo hilo ndilo kiwanja cha tetesi. Hapo zinaingia klipu za magoli. Klipu ya mshambuliaji ni fundi mkubwa: goli moja linaonyeshwa kutoka mbele, kisha nyuma ya nyavu, kisha polepole, kisha jinsi alivyoshangilia, ukimaliza kutazama unaapa umeona magoli 12 na kumbe ni 4, na mawili kati ya hayo kipa alikuwa amelala chini tayari. Mipira aliyopoteza haimo. Katika kuangalia kwangu kote sijawahi kuona klipu ya mshambuliaji mbaya. Wabaya huwa tunawaona Novemba.

Wakati sisi tunatazama klipu, kazi yenyewe inafanyika kwenye kompyuta. Tangu 2010 FIFA imelazimisha uhamisho wa kimataifa upite kwenye mfumo unaoitwa TMS. Klabu inayouza inaingiza taarifa zake, inayonunua inaingiza zake, bila kuchunguliana: jina, ada, tarehe za malipo, wakala ni nani. Mfumo unalinganisha. Huyu akiandika malipo ya awamu 2 na mwenzake awamu 3, dili linasimama hapo hapo, hata kama mchezaji ameshapigwa picha na skafu. Zikilingana, shirikisho jipya linaomba hati ya uhamisho, ile ITC, na shirikisho la zamani lina saa 72 za kujibu. Zamani hati hizo zilitembea kwa karatasi na faksi, na mchezaji aliweza kukaa jukwaani miezi akisubiri mhuri.

Na sheria zake zimemkumbatia mchezaji pande zote. Mkataba ukibakiza miezi 6 anaruhusiwa kusaini kwingine. Tangu 2015 ni marufuku mtu wa pembeni kumiliki haki zake za kiuchumi. Mchezaji mzoefu akichezeshwa chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu za kimichezo. Asipolipwa mishahara ya miezi 2, anaipa klabu notisi ya siku 15 na anakwenda zake. Hata waliomlea wanakumbukwa: akiuzwa kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomfundisha kati ya miaka 12 na 23.

Nilimsomea mjomba vifungu hivi, yeye ndiye aliyenitia kwenye Usimba, na mpaka leo akighafilika huiita timu Sunderland, jina lililoachwa 1971. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza asilimia zake 5 anazichukulia wapi. Nikamwambia, mjomba, asilimia 5 ya nini? Mshahara wangu wa furaha haujaingia misimu 4. Ningekuwa mchezaji, ningekuwa nimeshatoa notisi mara ngapi? Mjomba akanilipa kwa hundi yake ya kawaida: Simba 6, Yanga 0, Julai 1977, Kibadeni kafunga 3. Hundi hiyo bado ina pesa, sikatai, ila nilipokuwa natazama ile 5-1 ya Novemba 2023 hakuna duka lililoikubali.

Shabiki hana TMS. Hana kifungu cha asilimia 10, na yeye kwa msimu mzima amecheza asilimia 0. Dirisha lake halijawahi kufunguliwa, wala hakuna anayemwandikia thank you. Akijaribu kuhama mwenyewe, atatengwa na nyumba mbili: aliyotoka na aliyoingia. Na kwa kuwa wote wanajua haondoki, kila Julai anatengenezewa tumaini jipya na kuuziwa. Mwaka 2023 jezi yetu iliwekwa kwenye kibegi, kibegi kikapandishwa Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, nchi nzima ikisubiri kifunguliwe. Nilisisimka, nilinunua, na ningenunua tena. Msimu ule jezi ilifika kileleni, timu ikaishia nafasi ya tatu.

Hayo nayacheka. La 8 Machi 2025 bado silicheki. Siku ile ilikuwa ya Simba na Yanga, na mechi iliahirishwa siku ile ile. Watu walikuwa wameshatoka Mwanza na Mbeya kwa basi, wengine wamelala stendi, mtu ana nguo alizovaa na nauli ya kurudia. Zikafuata barua. Kila upande ukawa na barua yake, yenye kanuni yake na namba ya kifungu, na tukazichambua vijiweni wiki nzima kana kwamba zinatuhusu. Hakuna barua niliyoiona iliyoanza na "Ndugu shabiki uliyetoka mbali". Mama aliyepika chapati za kuuza nje ya uwanja hakuwa na kanuni ya kumlinda, na chapati hazina mechi ya marudio. Mechi ikachezwa 25 Juni, tukafungwa 2-0, ubingwa ukaenda walikouzoea. Kufungwa ni mpira. Kuhesabiwa wakati wa kuuza tiketi na kusahauliwa wakati wa kuomba radhi, huko ni kutuona mifugo.

Basi ndiyo hivyo, tumerudi tena kwenye maandalizi. Jezi mpya niliyonunua kwa mmachinga imetoa rangi kwenye beseni na kugeuza sare ya shule ya mwanangu kuwa ya waridi. Nimebishana na kinyozi kuhusu beki wa kulia, nimetoka na nusu kichwa. Nimemwahidi shemeji mbuzi kwa Ngao ya Jamii, na mbuzi sina.

Wasiwasi upo. Naogopa kocha atataka "muda", maana kila kocha anayetaka muda huchukua wetu. Naogopa kipa akiumia. Naogopa zaidi mwezi wa kwanza wa msimu tukishinda mechi zote, kwa sababu tunavyojijua, tutaanza kupanga gwaride la ubingwa Oktoba. Na naogopa fainali nyingine: mwaka 1993 Stella Abidjan walitunyang'anya Kombe la CAF hapa hapa Dar es Salaam, na Mei 2025 RS Berkane walitunyima la Shirikisho Unguja, baada ya Uwanja wa Mkapa kukataliwa. Mpangilio huo ukiendelea, fainali ya tatu nitakuwa na umri wa mjomba.

Kwa hiyo nimeandika mkataba wangu mwenyewe, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Kifungu cha 1: mechi ikiahirishwa siku ya mechi, nauli ya shabiki irudi kabla ya barua yoyote. Kifungu cha 2: jezi mpya baada ya kila misimu 2, na isitoe rangi. Kifungu cha 3: misimu 5 bila ubingwa, shabiki ana haki ya kununa hadharani bila kuitwa msaliti. Nikampelekea mjomba asaini kama shahidi. Akavaa miwani, akasoma vifungu vyote, akasema vimekaa sawa na hana la kuongeza. Kisha akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akaniuliza kama tiketi yake ya Simba Day nimeshanunua.

Nilikuwa nimeshanunua. Mbili, za mzunguko.