Hatuna Haraka

Sisi tuliozaliwa Unguja, katika mitaa ambamo mwanamke aweza kuumaliza ugomvi wa mwezi mzima na jirani yake bila ya kufumbua kinywa, kwa kujifunga tu kanga yenye jina linalostahili na kupita nayo taratibu mbele ya baraza anayokaa mhusika, twajidhania kuwa ndio mafundi wa mafumbo duniani, wala haitupitikii kwamba fani hiyo imefikishwa kileleni na wazazi wa Kiingereza wanaosimama kando ya bembea, mikono mifukoni, upepo ukiwapiga. Lakini ndivyo ilivyo. Maneno anayoambiwa mtoto katika kiwanja cha kuchezea cha Uingereza aghalabu hayamhusu mtoto. Yamekusudiwa masikio ya mtu mzima aliye karibu, na mtoto ni njia tu ya kuyapitishia.

Dasturi yetu ilikuwa nyingine. Siku za Idi tulipopelekwa Mnazi Mmoja, mzazi alitutia senti mkononi, akatuonya tusizichafue nguo mpya kabla ya adhuhuri, kisha akaenda zake kuzungumza na wenziwe. Yaliyotokea huko kwenye pembea, nani kamsukuma nani na nani kaangua kilio, yalikuwa mambo ya watoto, na kadhi wao alikuwa mtoto mwenye misuli kuliko wenzake. Binti yangu, ambaye ndoa na kazi zimemweka katika mji mdogo wa Northamptonshire, anayajua hayo, na kwa hivyo asubuhi aliponikabidhi mwanawe, kijana wa miaka minne, alinikabidhi pia karatasi aliyoibandua mlangoni mwa friji, yenye maneno ya Kiingereza niliyopaswa kuyatumia: "Be careful" anapopanda, "Hold on tight" anapobembea, "Wait your turn" penye foleni, "Well done" kwa kila jambo, hata akishuka kidato kimoja cha ngazi, na "Five more minutes" inapokaribia saa ya kuondoka.

"Mwanangu," nikamwambia, "Kiingereza nimekisoma kabla wewe hujazaliwa."

"Najua, Baba, lakini hicho ni cha skuli. Hiki ni cha bembeani. Na usije ukamwambia twende, ukamshika mkono ukamvuta. Mpe dakika tano kwanza."

"Za nini?"

"Za kuizoea habari."

Kiwanja chenyewe kilizungushiwa ua wa chuma, kina lango linalojifunga lenyewe, tangazo la kuwakataza mbwa, na sakafu ya mpira laini ambayo mtu akiiangukia humrudisha juu kwa heshima. Tulikuwa karibu na Kettering, mji wa mhandisi Charles Wicksteed, aliyefungua bustani yake kubwa hapo mwaka 1921, na ambaye karakana zake zilitengeneza bembea na miteremko ya kutelezea kwa ajili ya viwanja vingi vya nchi ile. Kwa hivyo watu wa upande huo wamekuwa na wasaa wa kutosha wa kuikamilisha adabu ya mahali hapo.

Mjukuu wangu akaichagua bembea, nami nikamsukuma. Haukupita muda mrefu ila akaja bibi mmoja mwenye koti la kijani, kamshika mwanawe mkono, akasimama hatua chache kutoka kwetu, akainama, akamwambia mtoto yule kwa sauti iliyofika mpaka langoni: "Tutangoja zamu yetu, mpenzi, sivyo? Huyo kaka mdogo atashuka sasa hivi. Hatuna haraka." Malezi hayo yalinipendeza mno. Nikamgeukia kwa taadhima, mkono kifuani, nikamwambia kwamba namshukuru, na kwamba hata sisi, alhamdulillahi, hatukuwa na haraka yoyote. Kisha nikaendelea kusukuma.

"Juu zaidi, Babu!" akasema mjukuu, nami nikamtii. Bwana mmoja upande wa pili akamwambia binti yake, aliyekuwa amekaa chini kimya akichambua majani makavu, "Be careful, mpenzi, bembea ile inakwenda juu sana." Nikastaajabu, maana mtoto yule alikuwa mbali nasi, wala hakukusudia kwenda popote. Ndipo bibi wa koti la kijani akainama tena. "Kaka yule anaipenda sana bembea, eti?" akamwambia mwanawe, uso wake wote ukitabasamu isipokuwa macho, na hapo nikalitazama lile koti, nikaona dhahiri kwamba jina limeandikwa upindoni.

Nikamteremsha kijana. Akakimbilia kile kizimba cha mabomba ya chuma ambacho watoto hupanda ndani na nje yake, akafika juu, akakaa. Nikatangaza dakika tano, akataka kumi, tukaafikiana saba, zikapita, asishuke. Ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa nimevaa kanzu chini ya koti, kwa nia ya kwenda msikitini baada ya mchezo, na mtu mwenye miadi ya namna hiyo hawezi kujadiliana na mtoto mpaka khutba ianze. Nikaingia kumfuata.

Chombo hiki kilipewa hataza Marekani katika miaka ya 1920 kwa jina la Sebastian Hinton, wakili wa Chicago, ambaye alikikumbuka kizimba cha mianzi alichojengewa utotoni huko Japani na baba yake, mwanahisabati Charles Howard Hinton, kwa madhumuni ya kuwafundisha watoto kipimo cha nne, kile kisichoonekana kwa macho baada ya urefu, upana na kimo. Kilichomkaa mwana moyoni ni raha ya kupanda. Mimi nililipata somo la baba: kipimo cha nne ni pale ambapo mguu wa mtu uko upande huu wa bomba, mguu mwingine upande wa pili, pindo la kanzu liko juu ya yote miwili, na kila upande anaotaka kwenda umekwisha kutumika.

"Be careful, Babu," ikaja sauti kutoka juu. "Mguu huu kwanza. Siyo huo. Hold on tight." Nikashika sana. Akanielekeza bomba kwa bomba, kwa subira ambayo mamaye hana, mpaka pindo likaniachia kwa mlio ambao kiwanja kizima kiliusikia, nikatua juu ya ule mpira laini. "Well done, Babu!"

"Usicheke, mpenzi," akasema bibi wa koti la kijani, akimsukuma mwanawe bembeani. "Babu yule amejitahidi sana." Mtoto hakuwa akicheka.

Nikajikung'uta, nikamshika mjukuu wangu mkono, nikamwambia kwa Kiingereza cha skuli, kwa sauti ya kufika langoni, kwamba twende zetu nyumbani, kwani wako watu hapa ambao muda si mrefu uliopita hawakuwa na haraka, na sasa bembea ni yao mpaka magharibi. Bibi yule akaniinamishia kichwa, kama fundi anavyomwinamishia fundi mwenziwe.

Nawe msomaji, ukialikwa na wanao huko Uingereza ukakabidhiwa mjukuu wa kumpeleka kiwanjani, vaa suruali. Na ukimsikia mzazi akimwambia mwanawe kwamba hawana haraka, mteremshe wako bembeani saa ile ile.