Mlima Usio na Adabu

Wanaozilaumu idara zetu za Goma hawana insafu, kwani jioni ile ya tarehe 22 Mei 2021 aliyekosa adabu ni Nyiragongo, aliyelipuka bila ya kuomba idhini, hata wachunguzi wa volkano, kwa kumsitiri, wakaanza kumtaja jirani yake Nyamulagira, asiye na hatia. Nao raia, godoro kichwani na mtoto mgongoni, wakashika njia ya Gisenyi na Sake kabla ya kusomewa tangazo, pupa iliyoje! Wangalisubiri: amri ya kuhama, kwa kuchelea mlipuko wa pili, ilitoka tarehe 27, kwa ufasaha. Basi mlima, safari ijayo, tafadhali leta barua yenye nakala tatu.