Dizeli Adai Hakimiliki

(Nyuma ya gereji, mvua imekatika. Tone la dizeli limedondokea dimbwini na kujitandaza kama lina kiwanja.)

DIZELI: Unaona watoto wanavyonishangaa? Zambarau, kijani, dhahabu! Nasajili hakimiliki. Jina lako halimo.

DIMBWI: Hongera, Mheshimiwa. Mbona ndani ya tangi hukuwa na rangi hizi?

DIZELI: Nilikuwa najiandaa.

DIMBWI: Ulikuwa mnene. Sasa u utando mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara mia. Mwanga ukifika, sehemu yake hurudi kutoka mgongoni kwako. Nyingine hukupenya, ikagonga mgongo wangu, ndipo ikarudi. Mawimbi hayo mawili yakikutana kilele kwa kilele, rangi yake hung'aa. Kilele kwa bonde, huzimika.

DIZELI: Nilijua! Unene ni wangu, kazi ni yangu.

DIMBWI: Si unene peke yake. Kipimo chako cha kuupinda mwanga ni kama 1.46, na kwa kiasi hicho unauchelewesha. Wimbi la kijani la nanomita 550 hewani, kwako hubanwa likawa kama 377. Mawimbi mangapi yanaenea humo ndani, kwenda na kurudi, ndiko kunakoamua rangi ipi ing'ae. Mimi ni 1.33.

DIZELI: Ahaa, nimekuzidi! Nastahili jirani wa hadhi yangu.

DIMBWI: Omba usimpate. Chini yako akikaa mwenye 1.46 kamili kama wewe, mwanga utavuka mpaka bila kujua kwamba pana mpaka. Hakuna kitakachorudi kutoka chini. Utabaki na mng'ao mweupe wa juu tu, usiomshangaza hata mbuzi.

DIZELI: Hilo nitaliundia tume.

(Wenye vyeo husema hivyo hoja ikiwashinda. Kutoka wanakooshea magari, Povu la sabuni linapita likielea.)

POVU: Mnagombea nini, jamani? Mimi juu hewa, ndani hewa, na rangi ninazo!

DIMBWI: Dada Povu, utosi wako umeanza kuwa mweusi.

POVU: Mweusi? Huo ndio mtindo wa...

(Pwa!)

DIZELI: Amepatwa na nini?

DIMBWI: Maji yake yalishuka, utosi ukakonda mno. Wimbi la nje hurudi limepinduliwa, la ndani halipinduliwi. Unene ukikaribia kwisha, yanauana, rangi zote kwa pamoja.

DIZELI: Na mimi nikizidi kutandaa?

DIMBWI: Vivyo hivyo, Mheshimiwa.

DIZELI: Fundi! We fundi! Hiyo pampu mbona umeikaza?