Namna ya Kupoteza Pochi Isirudi Tena

Watu wengi hupoteza vitu kiholela. Wanaacha pochi kwenye kiti cha daladala, jioni wanapigiwa simu wakaichukue, na shughuli nzima inaharibika. Ukitaka chako kipotee mpaka kiama, maandalizi yanaanzia nyumbani.

Jaza ndani ya pochi kila kinachokutambulisha duniani: kitambulisho cha taifa cha NIDA, leseni ya udereva, kadi ya benki, ya bima, ya mpiga kura, pamoja na risiti za mafuta za mwaka juzi ambazo wino wake umeshafutika. Kisha hakikisha hakuna namba ya simu hata moja. Kadi ya NIDA itamwonyesha aliyeokota sura yako na tarehe uliyozaliwa, ila pa kukupigia haimwambii. Ataweza kukutakia heri ya siku ya kuzaliwa, basi.

Sheria nayo iko upande wako. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ile ya Kenya, inamhesabu kuwa mwizi mtu anayejimilikisha kitu kilichopotea, isipokuwa kama hakumjua mwenyewe na aliamini, kwa sababu za msingi, kwamba hawezi kupatikana. Vitambulisho vyako tayari vinautikisa utetezi huo; kikaratasi kimoja chenye jina na namba kingeuondoa kabisa. Usikiweke. Mwachie mwenzio sababu zake za msingi.

Kuhusu pesa, wazee wetu wa mjini hushauri utembee na kidogo ili usimtie mtu tamaa. Hapa kuna habari ya kushangaza. Mwaka 2019 Alain Cohn na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa pochi zaidi ya 17,000 walizozikabidhi kama vitu vilivyookotwa katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwemo. Pochi zisizo na pesa, wenyewe walitafutwa kwa asilimia 40. Zenye pesa, asilimia 51. Huko Marekani, Uingereza na Poland, watafiti walipoongeza pesa hadi karibu dola 94, ikafika asilimia 72. Tena pochi yenye ufunguo ndani ilirudi zaidi ya isiyo nao, kwa kuwa ufunguo haumfai mtu mwingine ila mwenyewe. Inaonekana binadamu, kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa, ndivyo anavyoona haya kujiita mwizi. Kwa hiyo wewe beba pochi isiyo na pesa wala ufunguo. (Niseme ukweli: pochi hizo walipewa wahudumu wa mapokezi kwenye benki, hoteli, posta na ofisi nyingine. Hakuna mtafiti aliyeiacha kwenye kiti cha nyuma cha gari la Mbagala, hapa Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni.)

Sasa tuje kwenye simu, maana hapo ndipo wataalamu wanapojulikana. Umeshuka Buguruni, unapapasa mfuko, hamna kitu. Unaazima simu ya muuza vocha, unapiga namba yako, na balaa gani hili, inaita! Mtu anapokea, anasema haloo. Ukizubaa, simu itarudi. Wahi kupaza sauti: “Wewe mwizi! Niko kituoni na polisi, tunakuona ulipo!”

Mtu huyo dakika mbili zilizopita alikuwa anamuuliza konda nani alikaa hapa. Sasa anajiona kaunta ya polisi usiku, akieleza kuwa aliikuta tu. Mjini hapa neno mwizi likitamkwa kwa sauti kubwa halisubiri ushahidi, na yeye analijua hilo kuliko wewe. Atazima simu, laini ataitupa mtaroni. Wapo wenye nia mbaya tangu mwanzo, sikatai, lakini wengi wa hao hawapokei kabisa. Anayepokea amekufungulia mlango.

Wale wakaidi wanaotaka simu zao huongea hivi: “Habari yako kaka, samahani kwa usumbufu. Hiyo simu ni yangu, nahisi niliidondosha kwenye kiti. Nashukuru umepokea. Uko wapi nikufuate, na nauli yako nitakurudishia?” Ukisikia mtu anaongea namna hiyo, ujue kesho utamwona na simu yake ileile.

Hata ikifikia aliyeokota yuko tayari kuirudisha pochi, bado hujashindwa. Atakuuliza ikoje, na hana kosa. Mafundisho ya Kiislamu kuhusu kitu kilichookotwa yanamtaka aliyekiokota akitambue vyema chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mzima. Anayekuja kukidai sharti akieleze. Wewe mjibu, “Ni pochi nyeusi.” Pochi za nusu ya Dar es Salaam ni nyeusi. Akiuliza ndani mna nini, mkasirikie kwa kukuhoji kuhusu mali yako mwenyewe.

Jihadhari sana na redio. Mwaka 2021 huko Liberia, dereva mmoja wa bodaboda, Emmanuel Tuloe, aliokota dola 50,000 barabarani. Mwenyewe alipoomba msaada redioni, kijana akajitokeza na kuzirudisha. Rais George Weah akamtunuku dola 10,000 na ufadhili wa masomo. Kwa hiyo usitangaze popote, wala usimwambie muadhini mwenye kipaza sauti, na kwa konda wa gari ulilopanda usipite, kwani unaweza kukuta leseni yako imeegemezwa kwenye kioo cha mbele inakusubiri. Ukilazimika kutoa zawadi, andika “zawadi nono itatolewa”, kisha mpe pesa ya soda.

Na kwa msomaji aliyekosea njia, anayetaka vitu vyake virudi: andika leo namba kwenye kioo cha simu ikiwa imefungwa, na nyingine ndani ya pochi. Isiwe namba ya simu hiyohiyo uliyoipoteza, maana wapo wanaofanya hivyo. Iwe ya mtu anayepokea simu za wasiojulikana. Ukiandika ya mdogo wako anayekata kila namba ngeni akidhani ni mdai wake, simu hiyo umeshaitoa sadaka.