Wawili Tu, kwa Njia ya Pwani

Hakuna safari ya watu wawili katika nchi hii. Labda uondoke usiku wa manane, taa za gari zimezimwa, na usiwe na mama mkwe. Mume wangu alipoamua kwamba safari hii tutaadhimisha ndoa yetu kwa kwenda Tanga kwa njia ya pwani, wawili tu, watoto wabaki kwa bibi yao, alimwambia mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mama yake.

Ilipofika jioni, simu yangu ilikuwa haipumui. Jirani wa ukuta kwa ukuta ana stebilaiza ya friji ya mdogo wake aliyeko Ngamiani. Katibu wa kikundi chetu ana kadi za mchango wa harusi za kupeleka Chumbageni, "nyepesi tu, bahasha." Mama mkwe mwenyewe ana jogoo wa wifi yake, yaani shangazi wa mume wangu. Jogoo mzima, mwekundu, kafungwa miguu na kutiwa kwenye kikapu, kichwa nje.

"Mama, Tanga jogoo hawapo?" mume wangu aliuliza kwa adabu zote.

"Wapo. Huyu ni wangu."

Mjadala ukafungwa hapo.

Sasa, mume wangu ni mtu wa mipango. Kwa siri alikuwa amepeleka kitenge kwa fundi na kushonesha sare: shati lake, gauni langu, bluu iliyokolea yenye maua meusi. Bluu ya bahari, alisema. Mimi sare za mke na mume huwa naziona za watu wanaotaka kuthibitisha jambo, lakini nilivaa, maana alikuwa amelipia na kola ilikaa vizuri. Laiti ningejua kitenge kile kitatutafutia nini.

Ukishaziacha Tegeta na Bunju, barabara ya Bagamoyo inatia hamu ya kukanyaga mafuta. Mume wangu hakanyagi. Kwenye kibao cha hamsini anakwenda hamsini, mabasi yanatupita yakipiga honi za matusi, naye kakaza macho akitafuta tochi ya trafiki nyuma ya kila mwembe. Tukasimamishwa vilevile. Askari alikagua leseni, akakagua bima, akainama kuangalia siti ya nyuma.

"Na huyu mbona hajafunga mkanda?"

Jogoo akawika. Askari alicheka mpaka akashika mlango. "Nendeni. Safari njema, bwana harusi."

Bagamoyo tuliiona bahari vizuri, pale soko la samaki, kwa muda wa kula pweza wa kukaanga. Mume wangu alianza kunisimulia habari za wapagazi, akafika kwa akina Chuma na Susi, waliosafiri na wenzao miezi na miezi wakiubeba mwili wa Livingstone kutoka bara mpaka wakaufikisha hapo mwaka 1874. Nikageuka nikamtazama jogoo. Nilijisikia mrithi wa kazi ya zamani.

Watu wakisikia "njia ya pwani" wanadhani gari linatembea na maji ubavuni. Yaondoe mawazo hayo. Wenyeji walitwambia kwamba kwa mvua zilizonyesha tusijaribu kukatiza Makurunge, tuzunguke Msata. Kwa hiyo, ili tufuate pwani, tuliipa bahari kisogo kwa kilomita 64, tukavuka Mto Wami kule juu, tukaingia vumbi la Miono, ndipo tukaanza kuirudia. Njiani nilihesabu mbuzi.

Miono palikuwa na mzee. Kanzu yake ilikuwa ya rangi ya udongo, ana bakora na kidumu cha asali, na anakwenda Pangani kwa mjukuu wake. Mume wangu akapunguza mwendo kidogo tu, kwa ajili ya tuta. Mzee akadhani tumesimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mungu awabariki. Ila mimi nyuma huwa nasikia kizunguzungu."

Basi nikahamia nyuma. Mbele wakakaa wanaume wawili wakizungumza habari za bei ya korosho. Nyuma nikakaa mimi, stebilaiza, kidumu cha asali na jogoo aliyeegemeza kidari chake kwenye paja langu. Hayo ndiyo maadhimisho ya ndoa yetu.

Saadani ni hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na bahari, na sifa zake zote ni za kweli: tuliona ngiri, tuliona pofu, tuliona twiga amesimama katikati ya njia akitafakari. Kitu ambacho vipeperushi havikisemi kwa herufi kubwa ni mbung'o. Kiyoyozi chetu kilikufa kitambo, kwa hiyo vioo vilikuwa wazi, nao waliingia bila hodi. Mbung'o si mbu. Mbu ana haya kidogo, anasubiri giza. Mbung'o anatua juu ya nguo mchana kweupe, anachagua mahali, na kuchoma kama sindano ya cherehani. Mume wangu aliuachia usukani kofi moja, mgongo makofi mawili. Mimi nilikuwa najipiga mapaja kwa bahasha ya kadi za harusi. Jogoo alidonoa wawili, akawa mtu wa kwanza kunufaika na safari.

Mzee alikaa ametulia. Hakuna hata mmoja aliyemgusa.

"Wanangu," alisema tulipokwisha kufunga vioo na kuanza kuiva kwa joto, "nani kawavalisha hivyo? Mbung'o anapenda bluu na nyeusi. Wale wataalamu wakitaka kumnasa wanatundika porini kitambaa cha bluu na nyeusi. Nyinyi mmevaa mtego."

Sikusema neno. Niliiangalia tu ile kola iliyokaa vizuri, kwa nyuma, kwa muda mrefu.

Kutoka hapo mpaka Bweni mzee alitufanyia hisani ya kutusimulia. Bushiri bin Salim, aliyewasumbua Wajerumani mpaka wakamnyonga Pangani Desemba 1889, alimweleza kwa undani wa mtu aliyekuwa amesimama mstari wa mbele. Tulipofika kwenye mashamba ya katani akatuambia ujanani aliikata sana. Katani hii yote ina asili ya kushangaza: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi kutoka Florida, na mwaka 1893 vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Nilitazama dirishani, katani upande huu, katani upande ule, mpaka macho yanapoishia, bahari imejificha nyuma yake, nikafikiri vingekufa hata sitini katika hivyo.

Bweni ndipo unaposubiri kivuko kuvuka Mto Pangani. Mji uko ng'ambo, unaona mpaka mtu anayeanika nguo, na mkono wa kulia mto unaingia baharini. Hatimaye! Mzee alishuka kutafuta kahawa. Mume wangu akaona nafasi yake: akafungua milango yote, akaweka taarabu, sauti juu, tukakaa kwenye gogo la mnazi tukiangalia ngalawa. Nakiri ilipendeza. Nyimbo zilikuwa ndefu, kivuko kilikuwa kinachelewa, na kilipofika betri ya gari ilikuwa imekwisha kabisa.

Kupanda kivukoni ni mteremko, vijana wawili walitosha. Kushuka ng'ambo ya pili ni mlima. Abiria wote wenye baiskeli, wenye magunia, wanafunzi, waliziba nyuma ya gari letu, na hakuna wa kupita mpaka sisi tupite. Nikajifunga kanga nikaja kusukuma. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja muuza samaki, ndoo kichwani, mkono mmoja kwenye buti ya gari. Akaniangalia gauni. Akamwangalia mume wangu kwenye usukani, shati.

"Haa! Jamani, ni maharusi!"

"Hapana, dada, tuna watoto…"

Kigelegele kilikwisha kupaa. Kikadakwa na wengine, watoto wa shule wakaanza kupiga makofi, baharia mmoja akapiga honi ya kivuko. Kukazuka ubishi iwapo bibi harusi anaruhusiwa kusukuma. Muuza samaki akaamua kwamba asukume, ndoa yenyewe ndiyo hiyo. Tulipanda gati lile kwa nyimbo. Juu, wakati bodaboda amekwenda kumleta fundi na betri nyingine, yule mama alinikabidhi fungu la vibua kwa kuwa hakuwa na zawadi nyingine, na mzee wetu akatoa dua ya uzazi mwema, ndefu, huku mume wangu ameinamisha kichwa akiitikia amina.

Usiku jogoo alilala bafuni kwenye nyumba ya wageni. Aliwika saa tisa. Mgeni wa chumba cha pili alisema maneno ambayo sitayaandika.

Asubuhi iliyofuata tuliingia Tanga. Shangazi alimtoa jogoo kikapuni, akamgeuza, akampuliza manyoya ya shingo.

"Wifi yangu hasikii. Nilimwambia mtetea." Kisha, bila kupumzika, "Mnarudi Dar lini?"

Nikaona mlangoni gunia la machungwa ya Muheza, limeshashonwa mdomo, na juu yake begi.

"Shangazi, tulipanga turudi kwa njia ya pwani," mume wangu alisema, "polepole, tukiangalia bahari. Wawili tu."

"Bahari mmeiona. Tutapita Segera, kuna lami tupu." Alikuwa ameshafungua mlango wa mbele na kuisukuma siti nyuma. "Na mimi nyuma sikai, natapika."