Sidii ya Mzee

Msomaji mwenzangu, kama nawe una mke asiyetupa kitu na mtoto asiyeomba ruhusa, sogeza kiti. Hapa kwetu Mangobo, Kisangani, mke wangu tunamwita Mama Ghala. Chupa, makopo, mifuko ya mchele, vyote hurudi kazini. Sidii zangu hazikupona. Moja ilifunika bilauri, nyingine ilikaa chini ya sufuria ya sombe, na nne alimpelekea mamaye ng'ambo ya mto, Lubunga, azitundike shambani zimetemete na kufukuza ndege kwenye mpunga. Mama wa Ng'ambo anazisifu hadi leo.

Lakini ile ya sombe ilikuwa sidii ya Mzee. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji huu, picha zetu nyingi za karatasi zilipotea. Zilizosalia 31 nilizipiga skani nikazichoma kwenye sidii. Katika moja, marehemu baba amesimama kwenye maporomoko ya Wagenia, kando yake mgono wa samaki unaompita urefu.

Mama Ghala alipoona mawese kwenye sidii, aliiosha kwa sabuni mpaka maandishi yangu ya kalamu yakatoka. Mtoto wetu Injinia, miaka 15, akaikuta kabatini imetakata pamoja na nyingine, akazihesabu zote mbili kuwa tupu. Mjomba wake, Shemeki Nyimbo, ambaye hajawahi kuja kwetu bila muziki wala kuondoka bila kula lituma, alikuwa amemletea nyimbo kwenye flashi. Umeme uliporudi usiku, Injinia akachoma.

Asubuhi nafungua sidii ya Mzee: nyimbo tatu. Baba hayupo. Nilikaa kitandani, chai ikapoa.

Injinia naye alikuwa na malalamiko yake.

"Papa, nyimbo zina megabaiti 15 tu, mbona nafasi iliyoliwa ni kubwa hivi?"

Mama Ghala akadakia kwamba ndivyo hata sukari inavyoisha humu ndani.

Swali la mtoto ndilo lililonizindua. Niliipeleka sidii mlangoni, nikaigeuza juani. Sehemu iliyochomwa huonekana kama pete yenye weusi tofauti kidogo, na pete ile ilikuwa pana mno kwa nyimbo tatu. Nikasoma herufi zilizochapwa juu: CD-R. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kwenye sidii ya R, leza huunguza rangi iliyo ndani, na kilichoungua hakifutiki. Unachoweza ni kuongeza kipindi kingine cha kuchoma mbele yake, na kila kipindi kinachoongezwa kikifungwa hula nafasi ya ziada, megabaiti 13 hivi. Injinia hakuunganisha kipindi chake na cha zamani, kwa hiyo kompyuta ikaonyesha cha mwisho peke yake. Picha zilikuwa palepale, zimefichwa tu.

Niliifuta kwa kipande laini cha kitenge, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Kisha IsoBuster, programu inayoonyesha vipindi vyote, ikanifungulia kile cha kwanza. Picha 31. Mama Ghala alimwona baba mkwe wake na mgono wake, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge kilekile.

Ile sidii nyingine haikuwa na bahati. Ilikuwa RW, ambayo ndani yake mna mchanganyiko wa madini unaobadilishwa hali na leza, hivyo hufutwa na kuandikwa upya, hata mara 1,000. Injinia aliifuta kabisa akaijaza filamu. Humo nilikuwa nimeweka hesabu za likelemba (upatu) ya mke wangu, kazi ya miezi mitano. Nikamwendea kumweleza, moyo ukinidunda. Akafungua sanduku, akatoa daftari la shule: kila mama, kila mwezi, kila franga, kwa kalamu ya bluu. Hakuwahi kuiamini kompyuta yangu, na sikuwa na neno la kumjibu.

Picha sasa ziko kwenye sidii mbili mpya za R. Moja iko sandukuni, chini ya daftari la likelemba. Nyingine iko Lubunga, na Mama wa Ng'ambo ameapa kwamba hiyo haitatundikwa shambani. Nawe, ndugu yangu, kabla hujampa mtoto sidii kuukuu aitumie tena, isome kwanza herufi zake, halafu uishike juani.